Mchoro Unasema Hivi, Paneli Inasema Vile: Kutatua Mkanganyiko wa Alama za Umeme za Marekani na za Ulaya

Kontakta (swichi ya nguvu inayovutwa na koili yake) haivuti, mita inasoma volti, na ukiangalia mchoro kila kitu kinaonekana sawa. Hapo mafundi wengi huanza kubadilisha vifaa: koili mpya, taima mpya, hata kadi nzima. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, hakikisha kwanza kwamba mchoro unausoma kwa kanuni zilizouchora.

Michoro mingi utakayokutana nayo ni ya koo mbili. Ukoo wa kwanza unafuata IEC 60617, kiwango cha kimataifa cha alama za umeme, kinachotumika Ulaya na sehemu kubwa ya dunia. Wa pili ni wa Marekani: IEEE 315 ya mwaka 1975, inayojulikana pia kama ANSI Y32.2, pamoja na mtindo wa mashine za viwandani ulioanzia kwenye kanuni za JIC za mwaka 1967 na kuendelezwa na NFPA 79, kiwango cha Marekani cha umeme wa mashine. IEEE 315 haihuishwi tena, lakini michoro iliyochorwa kwa kanuni zake imejaa kwenye milango ya paneli na itaendelea kuwepo kwa miaka mingi.

Alama usiyoijua kabisa haina shida kubwa, kwa sababu utaitafuta maana yake. Inayomtia fundi matatani ni ile anayoijua vizuri, ambayo kwenye karatasi hii imebeba maana nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye duara, mistari miwili sambamba, mstatili, na waya wa bluu.

Kabla ya dalili yoyote: karatasi hii ni ya ukoo gani?

Usiangalie jina la kiwanda. Watengenezaji wa Ulaya wanaouza Marekani huchora kwa mtindo wa Kimarekani wakitakiwa, na kinyume chake. Angalia karatasi yenyewe. Mchoro wa Kimarekani wa udhibiti umekaa kama ngazi: nguzo mbili zimesimama, L1 kushoto na L2 au X2 kulia, vidato vinapita kati yake kwa ulalo, na kila kidato kina namba pembezoni kushoto. Wa Ulaya umelala upande mwingine: njia kuu za umeme zinapita juu na chini ya ukurasa, saketi zinateremka kutoka juu kwenda chini, na juu ya ukurasa kuna safu zenye namba 0 hadi 9 au 1 hadi 8.

Majina ya vifaa nayo yanasema mengi. CR (rilei ya udhibiti), PB (kitufe), LS (swichi ya kikomo), SOL (solenoidi), OL (ovalodi, kinga ya mota dhidi ya mkondo uliozidi) na TR (taima) ni ya Kimarekani. Ukiona kistari mbele ya herufi, kama -K3, -S1 au -F2, na hasa ukiona alama za = na + zikitangulia, basi uko Ulaya: alama ya = inaeleza kazi, + inaeleza mahali kifaa kilipo, na kistari kinataja kifaa chenyewe. Karatasi zilizochanganya mitindo zipo pia, tena si chache, kwa hiyo usihitimishe kwa alama moja tu.

Dalili: mchoro unaonyesha mota ndani ya saketi ya udhibiti, lakini kwenye paneli hakuna mota

Duara lenye herufi M ndilo linalowapoteza watu kuliko alama nyingine yoyote. Ulaya, duara lenye M, mara nyingi likiwa na 3~ chini yake, ni mota yenyewe. Kwenye ngazi ya Kimarekani, duara lenye M ni koili ya kontakta inayowasha mota. Koili zote huchorwa kwa duara huko: duara lenye CR ni koili ya rilei ya udhibiti, lenye TR ni la taima. Mota ya Kimarekani nayo ni duara, ila iko kwenye sehemu ya nguvu, juu ya ngazi, ikiwa na T1, T2 na T3.

Hesabu waya zinazoingia. Mbili tu, na duara limekaa mwisho wa kidato: hiyo ni koili. Tatu, na waya wa ethi pembeni: hiyo ni mota. Kwenye mchoro wa Ulaya koili ni mstatili wenye A1 na A2, hakuna duara.

Duara lingine la kuangalia ni la taa. Ulaya, taa ya ishara ni duara lenye msalaba wa X ndani. Marekani ni duara lenye vijistari vinne vinavyotoka nje kama miale, na ndani herufi ya rangi: R nyekundu, G kijani, A kaharabu. Fundi asipoiona ile miale, hasa kwenye nakala iliyofifia, duara lenye R atalichukulia kuwa koili ya rilei R, kisha atafute kontakti za R kwenye kurasa zote asizipate.

Dalili: saketi ya udhibiti inaonekana imejaa kapasita

Mistari miwili mifupi iliyosimama sambamba kwenye kidato cha Kimarekani ni kontakti iliyo wazi kwa kawaida, NO. Ikikatwa na mstari wa mshazari ni kontakti iliyofungwa kwa kawaida, NC. Alama hiyo hiyo ya mistari miwili, kwa IEC, ni kapasita. Wamarekani kapasita huichora bamba moja likiwa limenyooka na jingine limepinda, hivyo kwao hakuna mgongano.

Aliyejifunza programu za PLC, kompyuta ya kuendesha mashine, anaizoea alama hii bila kujua inakotoka, kwa sababu lugha ya ngazi katika IEC 61131-3 imechukua kontakti za namna hiyo. Kwa hiyo hata Ulaya alama ya Kimarekani iko kwenye skrini ya kompyuta, wakati karatasi ya waya ya mashine hiyo hiyo inatumia ya IEC. Shida hutokea fundi anapohama kutoka skrini kwenda karatasi bila kubadili macho.

Cha kuangalia ni jina. Kontakti ina jina la koili inayoiendesha: ukiona CR4 juu ya mistari miwili, lazima kuwe na duara la CR4 mahali fulani. Kapasita ina C na thamani yake. Na mshazari wenye kichwa cha mshale si NC, ni kapasita inayorekebishika.

Dalili: unapima "rezista" na mita inasoma sifuri

Mstatili wa Ulaya una kazi nyingi mno. Rezista ni mstatili mtupu, waya zikiingia kwenye ncha zake fupi. Fyuzi ni mstatili huo huo, ila waya umepita ndani yake kutoka ncha hadi ncha. Koili ni mstatili ambao waya zinaingia kwenye pande ndefu. Hita ni mstatili uliogawanywa kwa mistari ya kukata. Nakala ikiwa mbaya, waya wa ndani wa fyuzi hupotea na fyuzi ikageuka rezista machoni pako. Jina ndilo litakaloamua: -F ni kifaa cha kinga, -R ni rezista.

Marekani rezista ni msumeno, ile mistari ya kupanda na kushuka. Fyuzi ina sura zaidi ya moja, mojawapo ni wimbi lililolala. Ovalodi huchorwa kama ndoano mbili zinazotazamana, na mtu wa Ulaya huiona kama fyuzi ya ajabu, akapita.

Upande wa nguvu wa Ulaya, alama ndogo iliyokaa kwenye kontakti isiyosogea ndiyo inayotaja kifaa. Msalaba wa X ni saketi breka. Nusu duara ni kontakta. Kistari cha kukingama ni swichi ya kutenga, ambayo haikuundwa kukata mkondo wa mzigo. Kistari pamoja na kiduara ni swichi ya kutenga inayoweza kukata mzigo. Hizo mbili za mwisho zitofautishe kabla hujaweka mkono kwenye mpini. Saketi breka ya Marekani ni tao lililopita juu ya nukta mbili.

Dalili: volti zipo kwenye koili, kontakta haivuti, na koili ukiipima ni nzima

Hapa alama zenyewe unaweza kuwa unazisoma vizuri. Kilichokupoteza ni mazoea kuhusu nini kinakaa wapi.

Kwenye mchoro wa Ulaya, kontakti ya ovalodi, 95-96, hukaa juu ya koili, upande wa umeme unakotoka. A2 inakwenda moja kwa moja kwenye nyutro au 0 V. Ovalodi ikikata, A1 inakosa umeme, na unajua upande wa kutafuta.

Kwenye ngazi ya Kimarekani, kwa desturi ya muda mrefu, kontakti ya OL huchorwa kulia kwa koili, kati ya koili na nguzo ya kulia. Sasa fikiria ovalodi imekata na mtu amebonyeza kitufe cha kuwasha. Weka ncha moja ya mita kwenye X2 na nyingine kwenye A1: utasoma volti 120. Fundi aliyezoea mchoro wa Ulaya anasema umeme umefika, basi koili imekufa. Lakini peleka ncha kutoka A1 hadi A2, juu ya koili yenyewe: sifuri. Kisha A2 hadi X2: volti 120 tena. Koili haipitishi mkondo, kwa hiyo hakuna volti inayopotea ndani yake, na ncha zake zote mbili zina volti zilezile ukizipima kutoka X2. Njia imekatika baada ya koili, si kabla yake.

Vipimo hivyo vitatu vinatosha. Volti kamili juu ya koili na haivuti: koili au mitambo yake ina tatizo. Sifuri juu ya koili na volti baada yake: angalia OL. Ikiwa imekata, usiirudishe kabla hujajua ilikata kwa nini. Ukishairudisha, soma mkondo wa mota.

Dalili: kontakti inaonekana wazi kwenye mchoro, lakini kwenye mashine imefungwa

Sababu ya kwanza ni kugeuza ukurasa. IEC inataka kontakti ichorwe mfumo ukiwa hauna umeme, na mwendo wake uwe kutoka kushoto kwenda kulia pale saketi inapoteremka. Saketi ikichorwa kwa ulalo, mwendo unakuwa wa kwenda juu. Anayenakili mchoro wa Ulaya kwenye mtindo wa ngazi na kuzungusha alama upande usio sahihi anapata kontakti zinazosogea kinyume, na asiyemakinika atasoma NO kama NC.

Sababu ya pili ni swichi za kikomo za Kimarekani. Hizi zina sura nne, na mbili kati yake huwashangaza watu: NO iliyoshikiliwa ikafungwa, na NC iliyoshikiliwa ikafunguka. Mchoro unaonyesha hali ya mashine ikiwa nyumbani, yaani mahali inapoanzia, ambapo kishikio tayari kimeisukuma swichi. Siri iko kwenye ulimi wa swichi. Uchukulie kwamba ulimi una uzito na hushuka wenyewe. Ukiwa chini ya nukta ya pili, swichi ni NO, hata kama umeinuliwa ukaigusa kutoka chini. Ukiwa juu ya nukta, ni NC, hata kama umenyanyuliwa haugusi. Kwa maneno mengine, usiulize kwanza kama unagusa. Uliza uko upande gani.

Kwenye michoro ya Ulaya swichi iliyosukumwa tayari huwekewa mshale kando yake. Mshale huo ni mdogo, na ni wa kwanza kupotea mtu anapopunguza ukurasa ili utoshe kwenye karatasi ndogo.

Dalili: taima inachelewesha mahali pasipotakiwa

Umeagiza taima mpya kwa kufuata mchoro, umeifunga, na sasa feni inazima papo hapo badala ya kuendelea kidogo. Huenda umesoma alama ya kuchelewa kuwasha ukadhani ni ya kuchelewa kuzima, au kinyume.

Kwa Marekani angalia mshale chini ya kontakti. Ukielekea juu, taima huchelewa baada ya koili kupata umeme. Ukielekea chini, huchelewa baada ya koili kukosa umeme. Hilo ni jepesi.

Ulaya kuna tao dogo lililounganishwa na ulimi wa kontakti kwa mistari miwili. Lichukulie kama mwavuli: ukiuvuta kwa upande wa mpini, upepo unaingia ndani na kukuzuia; ukiusukuma kwa kilele, unapita bila shida. Kuchelewa kunatokea ulimi unapokwenda upande ambao mwavuli umefungukia. Kwa saketi inayoteremka, ambako ulimi huenda kulia koili ikipata umeme, tao lililofunguka kulia ni kuchelewa kuwasha na lililofunguka kushoto ni kuchelewa kuzima.

Kama tao limefifia, nenda kwenye koili. Mstatili wake una kisanduku pembeni: chenye X ni cha kuchelewa kuvuta, kilichojazwa weusi ni cha kuchelewa kuachia. Mimi huanzia hapo hata tao likiwa linaonekana, maana kisanduku cheusi ni vigumu kukisoma vibaya.

Dalili: huzipati kontakti nyingine za rilei

Mchoro wa Kimarekani huziorodhesha kulia kwa kidato chenye koili: namba za vidato ambamo kontakti zake zimetumika, na namba iliyopigiwa mstari chini ni NC. Wa Ulaya una jedwali dogo chini ya koili, likitaja ukurasa na safu, kwa mfano 5.3, yaani ukurasa wa 5, safu ya 3.

Namba zilizo kando ya kontakti nazo hazimaanishi kitu kimoja. Ulaya ni namba za terminali zilizoandikwa kwenye kifaa chenyewe, na tarakimu ya mwisho inataja kazi: 1 na 2 ni NC, 3 na 4 ni NO, 5 na 6 ni NC maalumu kama ya taima au ovalodi, 7 na 8 ni NO ya aina hiyo. Hivyo 13-14 ni kontakti ya kwanza, nayo ni NO, 21-22 ni kontakti ya pili, nayo ni NC, na 97-98 ni ile NO ya ovalodi inayowasha taa ya hitilafu. Marekani, namba iliyo kwenye kidato kwa kawaida ni ya waya. Kutafuta terminali 13 kwenye rilei kwa sababu mchoro wa Kimarekani umeandika 13 ni kupoteza asubuhi nzima.

Herufi pia hubadilika kwa umri. Kwenye michoro ya Ulaya ya zamani kontakta ya mota ilikuwa -K na taa -H. Tangu IEC 81346-2 ianze kutumika, kontakta ya nguvu imekuwa -Q, taa -P, na -K ikabaki kwa rilei. Paneli iliyoongezewa sehemu mpya inaweza kubeba yote mawili.

Dalili: waya wa "nyutro" una umeme

Simama hapo kwanza. Ulaya bluu ni nyutro. Kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi. Marekani nyutro ni nyeupe au kijivu, na kwa desturi ya mifumo ya volti 120/208 fezi ni nyeusi, nyekundu na bluu. Kwa hiyo bluu ya Ulaya ni nyutro, ya Marekani ni fezi, na kijivu ni kinyume chake. Ndani ya paneli za mashine kuna sura nyingine tena, na hapa koo zote mbili zinapatana kwa kiasi kikubwa: IEC 60204-1 na NFPA 79 zinatumia nyekundu kwa udhibiti wa AC na bluu kwa udhibiti wa DC. Waya wa rangi ya chungwa ni saketi inayobaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa, kwa sababu chanzo chake hakipitii swichi hiyo.

Rangi ikupe dhana tu. Mita ndiyo ithibitishe, kila waya, kabla ya kuugusa.

Upande wa bodi za elektroniki

Hapa matatizo ni madogo zaidi. CR kwenye bodi ya Kimarekani ni dayodi, ingawa kwenye ngazi ni rilei. Q ni transista, ingawa kwenye paneli ya Ulaya ni kontakta au breka. Milango ya kimantiki ya Kimarekani ina sura zake za kupinda, wakati ya IEC yote ni mistatili yenye maandishi ndani: & ni NA (AND), ≥1 ni AU (OR), =1 ni AU ya kipekee (XOR), na kiduara kidogo kwenye matokeo hugeuza jibu kwa koo zote.

Thamani ndizo zinazoleta moshi. 4k7 ni kiloomu 4.7, herufi ikikaa mahali pa nukta ili isipotee kwenye nakala. 4,7 yenye mkato ni nne nukta saba, kwa sababu Ulaya mkato ndio nukta ya desimali. Kwenye michoro ya Kimarekani ya zamani MFD, na hata mF, ni maikrofaradi. MMF ni pikofaradi. Nanofaradi hazikupendwa huko, hivyo .01 bila kipimo ni maikrofaradi 0.01, ambayo Ulaya ingeandikwa 10n.

Na mistari inapokutana: kwa IEC, makutano ya herufi T ni kiungo hata bila nukta, na mistari inayopishana bila nukta haijaungana. Kwenye karatasi kuukuu ya Kimarekani, angalia kama mchoraji ametumia vidaraja pale waya zinaporukana. Akiwa ametumia, basi mpishano mtupu kwenye ukurasa huo huenda ni kiungo. Zima umeme, pima mwendelezo kati ya waya hizo mbili, kisha weka nukta kwa kalamu kwenye nakala ya paneli ili anayefuata asirudie kazi.